Lenzi ya Kupigia Meno

Ijumaa wazee wa Daktari walikuwa wanakuja nyumbani kuchukua jibu, na jibu lilikuwa linajulikana na kila mtu, hata fundi cherehani aliyekuwa akinishonea gauni. Nimekubali. Nilishalisema mbele ya Mama, nikalirudia kwa Shangazi, na mara zote mbili lilinitoka kama vile nimeulizwa dirisha lifungwe au lisifungwe. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatano.

Naomba nieleweke mapema. Sikuwa na huzuni. Ninyi mnaopenda habari za mapenzi mkisikia mwanamke anaolewa bila raha, mnadhani anajifungia chooni analia. Mimi sikulia chooni wala sebuleni. Sikulia hata siku tuliyomzika Baba, miaka mitatu nyuma, mpaka watu wakanisema. Moyo wangu ulikuwa umekufa ganzi, basi. Nilikula, nililala, niliamka nikaenda kazini kwa sonara kupiga picha pete na hereni za watu, nikarudi nyumbani. Mtu asiyesikia chochote hana sababu ya kumkataa mwanamume mzuri.

Na Daktari ni mzuri jamani, nisimsingizie. Ni daktari wa meno, msafi, mcheshi, na ana tabia moja tu ya ajabu: anamtazama mtu meno kabla ya kumtazama uso. Tukikaa mgahawani, mhudumu akiondoka tu, yeye huniinamia na kuninong'oneza, "Yule jino lake la mwisho linamsumbua, ona anavyotafunia upande mmoja." Ila mimi hakuwahi kunifunua mdomo. Alikuwa na msimamo wake: watu wake wa karibu hawatibu. "Siwezi kumdunga mtu sindano Jumatatu halafu Jumanne nikae naye mezani," alisema. Na kwa kuwa mimi huwa natabasamu mdomo ukiwa umefumbwa, alidhani ni haya.

Siku ile alitaka nimchagulie lenzi. Alikuwa amenunua kamera, zile mpya ndogo zisizo na kioo cha kujikunja ndani, ili apige picha meno ya wagonjwa wake. Fundi anayemtengenezea meno ya bandia alikuwa hapati rangi sawasawa kwa picha za simu. Juzi alimletea mama mmoja jino la mbele jeupe kama kigae cha bafuni.

"Mama wa watu alijiangalia kwenye kioo, akaniuliza kama linawaka," Daktari aliniambia tukipanda ngazi za duka. "Siwezi kuendelea hivi. Nataka lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Wewe ndiye mtaalamu, mimi nitafuata."

Simu yangu ikaita. Shangazi.

"Uko na Daktari?"

"Niko naye."

"Wapi?"

"Dukani. Namchagulia lenzi."

"Mwache achague mwenyewe! Usimwoneshe kwamba unajua sana, wanaume hawapendi."

"Shangazi, ameniomba yeye."

"Basi chagua kwa unyenyekevu. Na gauni uende ukalijaribu leo. Ijumaa sitaki kusikia linabana."

Nikakata. Daktari alikuwa ameshanishikia mlango. Duka lilikuwa chumba kirefu chenye kabati za vioo pande zote, kapeti la kijivu na harufu ya maboksi mapya. Nyuma ya kaunta alikuwa amesimama mwanamume anafuta lenzi kwa kitambaa. Akainua kichwa.

Alikuwa Nyenje.

Hilo si jina lake. Nilimpa mimi, kwa sababu kazi yake enzi zile ilikuwa kupiga picha wadudu. Panzi, nyigu, mchwa, buibui wenye macho manane. Yeye naye aliniita Sonara, kwa kazi yangu. Nilikuwa naye miaka miwili, na wakati huo wote nyumbani kwetu walimwita Bwana Wadudu. Shangazi alisema hawezi kumtoa binti wa kaka yake kwa mtu anayelala kifudifudi kwenye nyasi akimvizia panzi. Halafu Baba akalazwa. Siku moja akanishika mkono pale kitandani, akasema, "Mwanangu, yule kijana mwache. Niondoke nikijua uko mahali pa maana." Nikasema ndiyo, Baba. Baada ya siku kumi na moja tukamzika. Nyenje sikumwona tena.

Mpaka asubuhi ile.

Alinitazama. Kisha akamtazama Daktari, akautazama mkono wa Daktari uliokuwa begani kwangu, akarudi kwenye lenzi yake na kuifuta mahali ambapo palikuwa pameshatakata.

Nikasubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Nikajisemea, unaona? Yamekwisha. Nilikuwa kama mtu anayejifinya mguu uliokufa ganzi aone kama bado ni wake.

"Karibuni," alisema.

"Asante, ndugu yangu," Daktari akajibu kwa furaha. "Tunatafuta lenzi ya makro. Mimi sijui kitu, huyu mchumba wangu ndiye mtaalamu. Ongea naye yeye."

"Mchumba," Nyenje akasema.

"Ijumaa," Daktari akasema. "Tuombee."

"Hongereni." Akainamia kabati. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka alikuwa na lenzi tatu, akazipanga juu ya mkeka wa sponji. "Ni ya kazi gani?"

"Meno," nikasema. Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake baada ya miaka mitatu. Jamani, meno.

"Meno." Akagusa ya kwanza, fupi. "Hii ni ya milimita sitini. Nyepesi, mkono hauchoki."

"Fupi mno. Ukitaka jino lijae kwenye picha inabidi umkaribie mgonjwa mpaka apumulie kioo. Kinapata ukungu."

"Kuna watu hawapendi kukaribiwa," akasema.

"Wagonjwa," nikasema.

"Ndiyo. Wagonjwa." Akaisogeza pembeni, akashika ile ndefu. "Basi kuna hii, mia na themanini. Hii unakaa mbali kabisa. Kitu unachokipiga hakijui hata kama upo."

"Hiyo ni ya wadudu wanaoruka ukisogea. Chumba cha daktari ni kidogo, itabidi apigie picha kutoka korido."

Daktari alicheka sana. "Mgonjwa mdomo wazi, mimi nipo koridoni! Mnafurahisha. Mngekuwa na kipindi redioni." Akanisogelea, akanishika bega tena. "Sasa si inabaki ya katikati?"

"Ya mia," Nyenje akasema. "Ndiyo watu wa meno wanayochukua. Inakuacha umbali wa kupumua, na flashi inapata nafasi ya kufika ndani ya kinywa. Ila ya mia zipo nne tofauti pale kabatini. Kuna yenye kutuliza mtetemo wa mkono, kuna isiyo nayo. Mtaalamu achague."

Nikasogea kwenye kabati. Sikufikiri. Kazi hii naifanya kila siku, mikono inajua yenyewe. Nikafungua kioo, nikachukua moja nyeusi yenye mstari mwembamba shingoni, nikaigeuza, nikaona iko sawa, nikamwekea Daktari mkononi.

"Hii," nikasema. "Chukua hii, hutajuta."

Daktari akaitoa kamera yake begani na kujaribu kuifunga. Ikagoma. Akaizungusha. Ikagoma.

"Usilazimishe," Nyenje akasema haraka. Akaichukua mikononi mwake. Aliishika kwa muda, kichwa chini. "Hii haiingii kwenye kamera ya Daktari. Ni ya kampuni nyingine. Kifungio chake ni tofauti."

Alisema taratibu, bila kunitazama, na hakuhitaji kusema zaidi. Ilikuwa inaingia kwenye kamera yake yeye Nyenje. Ile aliyokuwa nayo zamani. Lenzi hiyo hiyo tuliitazama miaka miwili kwenye vioo vya maduka, kila tukipita, yeye akisema siku tukiipata ataniletea macho ya nyigu yakiwa makubwa kama sahani. Daktari alikuwa ameibeba kamera yake begani tangu tuliposhuka kwenye gari, jina la kampuni limeandikwa wazi kwa herufi nyeupe, na mimi, mtaalamu, nikamchagulia lenzi ya kamera ya mtu mwingine.

"Hee! Hata mabingwa wanakosea," Daktari akasema.

"Samahani," nikasema. "Nimechanganya."

"Hamna neno." Lakini aliitazama ile lenzi, kisha akanitazama mimi. Si meno. Alinitazama usoni.

Nyenje akaleta ya mia iliyofaa, akaifunga kwenye kamera ya Daktari, ikaingia na kubana vizuri. "Ijaribuni kabla ya kuichukua," akasema. "Pigeni saa, au sarafu."

"Saa ya nini?" Daktari akasema. "Mimi sitibu saa." Akafungua begi lake, akatoa kifuko cha nailoni, na ndani yake kile kidude cha plastiki cha kupanua midomo. Umewahi kukiona? Ukivalishwa, unabaki na meno nje pande zote kama farasi anayepigwa mnada. "Kipya hiki, hakijatumika. Mchumba, kaa hapo kwenye kiti."

"Mimi?"

"Kwani mimi nitajipiga mwenyewe?"

"Si ulisema watu wako huwatibu?"

"Sitibu. Napiga picha. Tena hata sipigi mimi, sijui bado. Atapiga huyu ndugu, mimi niangalie anavyofanya."

Ningeweza kukataa. Mwanamke mwenye akili zake angekataa. Lakini ndivyo nilivyokuwa siku zile, ukiniambia kaa nakaa. Nikakaa kwenye kile kiti kirefu karibu na dirisha, Daktari akanivalisha kidude chake kwa vidole vyepesi, na midomo yangu ikavutwa mpaka masikioni. Mate yakaanza kujaa. Miaka mitatu sijaonana na mwanamume niliyempenda kuliko wote, na sasa nimeketi mbele yake ufizi nje.

Nyenje akaja na kamera. Akazima fokasi ya kujiendesha, ile inayotafuta yenyewe picha iwe wazi, kama anavyofanya kila mtu anayeijua kazi. Kwenye makro fokasi huiachii mashine. Unaifunga mahali pamoja, halafu unasogea wewe mwenyewe, mwili mzima, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka kitu chenyewe kiwe wazi. Ukizidisha hata unene wa unywele, picha imeharibika. Kwa hiyo unabana pumzi.

Akasogea. Akarudi. Akasogea. Nilimwona jicho moja, lingine limefichwa nyuma ya kamera. Alikuwa amekonda. Pembeni ya jicho kulikuwa na mikunjo miwili ambayo mimi sikuwahi kuiona ikianza. Alinukia sabuni ile ile. Nikamtazama kama ninavyotazama pete za watu: nzuri, si yangu, inayofuata.

Kamera ilitikisika. Akashusha pumzi, akaanza upya.

"Mkono wako hautulii," Daktari akasema.

"Utatulia." Akasogea tena, karibu sana sasa. "Usipumue kidogo, Sonara."

Akabonyeza. Flashi ikawaka.

Daktari alikuwa amesimama mikono mfukoni. Nilimwambia Nyenje jina langu? Sikumwambia. Daktari alimwambia kazi yangu? Hakumwambia. Alimwambia mtaalamu tu. Na Nyenje aligundua wakati mmoja na mimi.

"Picha tuione wapi?" Daktari akauliza, sauti ya kawaida.

"Kuna skrini hapa kwenye kaunta."

Nikavua kile kidude, nikajifuta mate kwa leso, nikawafuata. Nyenje akaingiza kadi. Yakatokea meno yangu, makubwa kama milango, yakijaza skrini nzima. Picha ilikuwa safi ajabu. Mtu angeweza kuhesabu mishipa ya ufizi.

Daktari akainama. Nilisubiri aseme lenzi ni nzuri. Hakusema. Akachukua kalamu juu ya kaunta, akaonesha bila kugusa kioo.

"Haya ya chini," akasema. "Jino la mbele la mtu wa umri wako juu yake linakuwa na ukingo. Yako ni bapa. Yamelika. Haya mawili ya pembeni ncha zake hazipo kabisa. Na hapa, ona, nyufa nyembamba zinashuka. Moja, mbili, tatu."

"Ni mabovu?"

"Si mabovu. Unayasaga. Ukiwa usingizini unakaza taya na kuyasaga, tena kwa nguvu. Asubuhi huamki taya zinauma? Kichwa hapa pembeni?"

Zilikuwa zinauma kila asubuhi. Nilidhani ni mto.

"Kazi hii si ya mwezi mmoja," akaendelea. Alikuwa anaongea kama daktari, nadhani ilimsaidia. "Wala mwaka. Mimi ningesema miaka mitatu. Usiku wote, miaka mitatu, kuna kitu unakibana ukiwa umelala."

Nyenje aligeuka akatazama ukuta.

Nami nikayatazama yale meno. Niliwaambia watu wote kwamba sisikii kitu. Nilimwambia Mama, nilijiambia mwenyewe kwenye kioo cha bafuni. Kumbe nilikuwa nasikia, ila nasikia nikiwa nimelala, peke yangu, gizani, mpaka nikajila meno. Kifua kikaanza kuniuma. Si sana. Kidogo, mahali padogo, kama kuna mtu amegonga mlango kwa kidole kimoja. Lakini niliyasikia maumivu, na nilikuwa nimeshasahau yanavyokuwa.

Daktari akairudisha kalamu mahali pake, akainyoosha ilingane na ukingo wa kaunta.

"Mtu ukimposa, wazee wanakuja Ijumaa, wanaulizwa, wanajibiwa," akasema. "Vizuri sana. Lakini mimi nakuuliza leo. Na nataka unijibu wewe, si Shangazi. Unanitaka?"

Nikafungua mdomo. Ile "ndiyo" ilikuwa pale pale kwenye ulimi, nimeizoea, ingetoka yenyewe.

"Hapana," nikasema.

Ilinishtua hata mimi.

"Hapana," nikarudia, kwa sauti ndogo. "Wewe ni mtu mwema. Nisamehe. Nilidhani inatosha."

"Inatosha kwa nani?" Na hapo ndipo hasira ilipomtoka, mara moja, fupi. "Miezi minne! Mama yangu ameshawaambia watu wote mtaani. Nimepaka rangi chumba, wewe ndiye uliyechagua rangi! Ungeniambia siku ya kwanza nisingekuuliza sababu. Ningekunywa chai yangu nikaenda zangu."

"Siku ya kwanza sikuwa najua."

"Huyu alikuwa anajua?" Akamwelekezea Nyenje kidevu.

"Mimi sijui kitu," Nyenje akasema. "Sijamwona miaka mitatu. Sikujua kama anakuja."

"Naamini. Mkono wako ulikuwa unatetemeka." Daktari akavuta kamera yake, lenzi ya mia ikiwa bado imo, akaitazama pande zote. Nikadhani ataivua na kuiacha. "Hii ninaichukua. Mama wa watu anasubiri jino." Akamaliza na Nyenje habari ya malipo na risiti, wote wawili wapole kama wako benki, akafunga begi. Mlangoni akasimama.

"Nenda kwa daktari yeyote akutengenezee kinga ya kuvaa usiku," akaniambia. "Yeyote isipokuwa mimi. Usipofanya hivyo, hayo ya mbele yatavunjika."

Akashuka ngazi. Nilizihesabu hatua zake mpaka chini, na kila hatua nilijiona mtu mbaya zaidi. Sikujitetea. Daktari hakustahili.

Tukabaki wawili na meno yangu kwenye skrini. Nyenje akabonyeza kitu, yakatoweka.

"Sikumkataa ili nikupate wewe," nikasema.

"Mimi sijasema kitu."

"Nasema tu ujue."

"Nimejua." Akaichukua ile lenzi nyeusi yenye mstari shingoni, akairudisha kabatini, akafunga kioo kwa ufunguo. "Bado unaijua sura yake. Mimi kamera yenyewe nilishaiuza."

"Uliiuza? Kwa nini?"

"Nilikuwa nikiishika nakuona wewe. Nikaona upuuzi. Nikaja kuuza za wengine." Akaegemea kaunta. Uso wake haukuwa na hasira, ungekuwa na hasira ningejua la kufanya. "Nikuulize kitu kimoja?"

"Niulize."

"Kwa nini ulimtuma Shangazi yako?"

Nikautazama ule ufunguo mkononi mwake.

"Alikuja chumbani kwangu asubuhi," akasema. "Mimi nilikuwa najiandaa kuja hospitali kumwona Baba. Nilikuwa nimeshanunua machungwa. Akakaa kitandani kwangu na mkoba wake magotini, akaniambia binti yetu amesema yameisha, usimsumbue, tuna mgonjwa. Dakika tano. Akakataa hata maji. Nikakaa. Nikasema atakuja mwenyewe. Huyu si mtu wa kutuma watu. Nikasikia msiba, nikasema baada ya arobaini atakuja. Sikuja msibani kwa sababu niliambiwa nisisumbue. Basi nikasubiri. Unajua ubaya wake? Mtu akiachwa analia, anatukana, anapona. Mimi sikujua kama nimeachwa. Niliambiwa na Shangazi."

Maumivu yale ya kifuani yalikuwa yamekua.

"Nilimwambia Baba ndiyo," nikasema. "Nikaona nikija kwako nitashindwa. Ndiyo maana."

"Hilo unalieleza. Mimi sijaomba maelezo." Akazunguka kaunta, akaja akasimama mbele yangu, umbali wa hatua mbili, mikono imeshuka. "Niambie. Lile alilokuja kuniambia yeye. Niambie wewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Lakini sitaki kukuach..."

"Ulikuwa unataka siku ile. Niambie ya siku ile."

Nilimtazama. Ile mikunjo miwili pembeni ya jicho. Shati lenye jina la duka kifuani. Mwanamume aliyenunua machungwa.

"Nakuacha," nikasema. "Baba anakufa na ameniomba, na mimi nimekubali bila kukuuliza wewe. Nakupenda na nakuacha. Usinifuate hospitali."

Sauti ilikatika pale kwenye neno hospitali. Kisha nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa kelele, makamasi yakanitoka, nikashika ukingo wa kabati ili nisianguke, na nilikuwa namlilia yeye na namlilia Baba, wote kwa pamoja, siwezi kuwatenganisha. Baba yangu alikuwa amekufa. Nilikuwa silijui hilo mpaka asubuhi ile dukani.

Nyenje hakunishika. Alisimama pale pale, machozi yanamshuka na yeye hayafuti, akitingisha kichwa polepole kama mtu anayesomewa barua aliyoingoja sana.

"Haya," akasema mwishoni. "Nimesikia."

Nikajifuta kwa leso ambayo ilikuwa imeshalowa mate. Nikapiga hatua moja kumwendea. Akanyoosha kiganja kunizuia, kwa upole.

"Hapana. Nenda nyumbani."

"Nyenje."

"Nenda. Leo ndiyo kwanza nimeachwa, niache nilie kama watu wengine." Akavuta pumzi ndefu, ikatoka imevunjika vunjika. "Kesho duka linafunguliwa saa tatu. Ukitaka kuja, njoo."

"Nitakuja."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akanifungulia mlango, nikatoka.